Wagonjwa Watatu, Kadi Moja

Ofisi ya Kuunganisha Matibabu, Upper Hill, ilitangaza Jumatatu asubuhi kwamba saratani ya utando wa mapafu, ile inayoletwa na vumbi la asbesto, sasa imepatiwa jawabu. Tangazo lilibandikwa juu ya lile la lifti kuharibika, na watu wakaendelea kungoja lifti kwa matumaini.

Everlyn hakungoja. Alimshika mumewe kiunoni wakapanda ngazi polepole hadi orofa ya nne. Gerishon Were alikuwa fundi wa mapaa. Miaka ishirini na sita alikata shiti za asbesto kwa msumeno, na vumbi likamkalia kifuani kimya kimya mpaka lilipoamua kuamka. Daktari hakuwaficha. Upasuaji peke yake hautoshi, dawa ya mshipani peke yake haitoshi, mionzi nayo hivyo hivyo. "Lakini tukiviunganisha mapema, Mama, tunaweza kumpatia muda." Everlyn alikuwa akimwomba Mungu huo muda. Hakutaja ni miaka mingapi, maana hakupenda kumpangia.

Mratibu Mkuu, Bwana Thuo, aliwapokea kwa mikono miwili.

"Mzee Were, umekubaliwa. Utapata upasuaji."

"Na dawa?" Everlyn akauliza.

"Dawa anapata Mzee Makau, yule pale kwenye benchi. Bi Mwelu aliye kando yake anapata mionzi."

"Mzee wangu anahitaji zote tatu."

"Na zote tatu zimetolewa, Mama."

Akaeleza kwa upole, kama mtu anayefunza watoto wa Sunday school. Kanuni inasema mgonjwa mmoja, faili moja, idara moja. Kamati ilikaa vikao kumi na kimoja, kila kikao kikifunguliwa kwa maombi, ikaona kwamba kuunganisha matibabu kungevuruga mamlaka ya idara. Ndipo ikaunganisha wagonjwa. Hawa watatu wamesajiliwa kama Mgonjwa Namba Moja, kila mtu na nakala yake ya kadi. Kwenye karatasi mgonjwa huyo amepasuliwa, amedungwa dawa, amepigwa mionzi. Asilimia mia.

"Kwa hivyo mimi nikatwe, Makau adungwe, Mwelu achomwe," Gerishon akasema, akivuta pumzi kati ya maneno. "Halafu nani anapona?"

"Ripoti," akajibu Nyawira, karani, bila kuinua macho.

Everlyn aliishia darasa la saba, lakini kusoma alisoma. Aliisoma kadi mara mbili.

"Na kisheria huyu ni mtu mmoja kabisa?"

"Hakuna mwingine."

"Basi utuandikie hivyo, Mungu akubariki."

Thuo aliandika kwa furaha, akapiga muhuri. Hakuna mwananchi aliyewahi kumwomba barua kwa heshima namna hiyo.

Gerishon alipasuliwa, akalala wiki tano nyumbani akipata nafuu. Siku ya kliniki ya dawa ilipofika, Everlyn akampeleka. Makau alikuwa tayari kwenye kiti, dawa ikimtiririkia mkononi.

"Namba Moja yuko pale," nesi akasema.

"Na ni huyu pia, dada. Soma barua."

"Yule nilimpima sasa hivi, ana kilo sabini na tisa. Huyu hamsini na sita."

"Amepungua."

"Kwa nusu saa?"

"Ugonjwa wenyewe ni mkali."

Wakati huo Thuo akaingia na Katibu wa Wizara, aliyekuja kumpa mkono mgonjwa yule mmoja ambaye habari zake zilikuwa zimeshasomwa Bungeni. Nesi akawageukia.

"Boss, nimpe dawa ya kilo zake, ama nikuandikie kwamba hawa ni watu wawili?"

Thuo akautazama muhuri wake. Akisema ni wawili, kilichosomwa Bungeni ni uongo. Everlyn alisimama kando akiomba moyoni, macho wazi.

"Ni mmoja," Thuo akasema. "Mpe."

Dawa ikaingia kwenye mshipa wa Gerishon. Mwelu, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu yoyote, akachukua foleni nyuma yake na kadi yake mkononi. Makau akauliza kwa sauti kliniki ya mionzi iko upande gani.

Katibu alisoma barua hadi kwenye muhuri. Aliwatazama wagonjwa, akamtazama Thuo kwa muda mrefu zaidi.

"Mpango mzuri," akasema. "Kumbe watu watatu wanatosha kuwa mmoja. Wizara itauanzisha kwa wafanyakazi wake."

Mwezi uliofuata vyeo vya Mratibu Mkuu, mlinzi wa lango na mpiga deki viliunganishwa kuwa ofisa mmoja. Kwenye ripoti ofisa huyo anaratibu, analinda na kupiga deki, asilimia mia. Kuratibu alipewa Nyawira. Lango alibaki nalo mlinzi.

"Tupishe kidogo, Mratibu," Everlyn alimwambia Thuo kwenye ngazi, akiinua pindo la gauni lisilowe maji ya deki. "Mzee ana mionzi saa nne."