Jumamosi Uwanja Uwe Mtupu

Jumatatu, 8 Septemba

Mkutano wa michezo, ukumbi wa shule. Nimerudi damu ikinichemka.

Mkutano bila meza kuu! Nimehudhuria mikutano ya maji, ya mazishi, hata ya mnazi ulioangukia ukuta wa jirani. Yote ilikuwa na meza kuu. Huu wa leo umetandikwa mikeka. Eti sote tuko sawa. Nilikuwa nimebeba kiti changu kutoka nyumbani kwa tahadhari, nikakalia. Nikawa juu peke yangu kama kunguru wa paani. Gerishom akasema mbele ya watu, “Buda, shuka chini, unatuzibia feni.” Buda! Nina miaka arobaini na tisa tu. Huyu Gerishom alikuja kutoka Kakamega kulinda lango la hoteli Diani, sasa anajiita kocha wa vijana wa Msambweni.

Mwenye mkutano ni Daktari Damaris, si wa sindano, ni wa chuo kikuu. Kasema utafiti haujaanza. Tumekutana kuupanga pamoja, wao na sisi, ili watu wengi zaidi washiriki michezo. Hata swali la utafiti litatoka kwetu. Nikamwambia swali ninalo, na jibu lake pia. Akaniomba niwape wengine nafasi.

Lakini nimeondoka na jambo moja muhimu. Watachagua kijiji kimoja, sisi au Majoreni. Kijiji kitakachochaguliwa kitatengenezewa uwanja na kitakuwa na mratibu wa jamii. Mwenye beji ya shingoni!

Ni nani kama si mimi? Miaka kumi na mmoja niliwachezesha Wazungu mazoezi ndani ya bwawa la kuogelea, mpaka hoteli ikaamua kuwa spika inatosha. Tangu hapo sina cheo. Watu wananiita “mume wa Twaiba wa mahamri.” Mimi, Alamin!

Jumanne, 9 Septemba

Mpango uko tayari. Nitamwonyesha Daktari kwamba Msambweni inacheza. Kesho alasiri, Siku Kuu ya Michezo.

Nimemwomba imamu atangaze msikitini. Kakataa. Kasema kipaza sauti ni cha adhana na cha misiba. Nikamwambia michezo ikifa nao ni msiba. Kanitazama muda mrefu, kisha akaniombea dua.

Basi nimewaambia wateja wa Twaiba, mmoja mmoja, walipokuja kununua mbaazi: anayekuja kukimbia atakula pilau. Habari imeenea kama moto wa makuti. Imeenea hadi ikamfikia Twaiba, kutoka kwa mteja aliyemuuliza kama pilau yake kesho itakuwa ya kuku au ya ng'ombe.

Hakufurahi. Kauliza kwa nini sikumwambia. Nimemjibu kwamba nilitaka iwe surpraizi. Kasema kuosha mchele wa kijiji kizima si surpraizi, ni adhabu. Wanawake hawaoni mbali.

Jumatano, 10 Septemba

Umati! Sijawahi kuona! Wazee wenye bakora, akina mama na watoto wao mgongoni, hata watu wa Funzi waliokuja kuuza samaki wakaghairi kurudi kwao. Kweli, hakuna aliyekimbia isipokuwa kuelekea kwenye sufuria. Lakini hapo walikimbia vizuri sana, na hata waliokuwa na bakora walizisahau.

Gari la Daktari likapita. Nikamsimamisha. Nikamwambia, “Tazama, Daktari! Hivi ndivyo tulivyo kila siku. Msambweni haikai kitako.”

Kafurahi kweli. Akashuka, akapewa sahani, akala. Kisha akatoa neno lililonichoma moyo. Kasema ikiwa watu wetu wanashiriki hivi, basi labda uwanja upelekwe Majoreni, kwa sababu utafiti unatafuta mahali ambapo watu hawajitokezi. Lakini hataki kuamua kwa kuona mara moja. Jumamosi jioni atarudi kutazama siku ya kawaida.

Kwa nini hakusema Jumatatu? Gerishom anadai alisema. Anadai alilirudia mara mbili nilipokuwa nikisimulia habari za bwawa la kuogelea.

Twaiba anakwangua masufuria na haniongeleshi.

Alhamisi, 11 Septemba

Jambo ni jepesi. Jumamosi uwanja uwe mtupu. Usiwe na hata kivuli cha mtu.

Nimeanza na Gerishom. Nimemwomba mpira wa vijana niupeleke kutiwa upepo. Kanipa, tena kanishukuru. Nimeuficha darini, nyuma ya chandarua kikuukuu. Kisha nimewaambia vijana kwamba uwanja umepigwa dawa ya mbu, kali, na atakayeukanyaga kabla ya Jumapili atabambuka nyayo. Wameamini. Wachungaji wa mbuzi nimewaambia dawa hiyo haidhuru mbuzi. Wameamini hata hao.

Wameniuliza ni nani aliyepiga dawa. Nimesema serikali. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku mbaya.

Baada ya alasiri nilikuwa nikipita nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Mwanasha. Nikasikia kelele za uani. Vicheko, vishindo, mtu anapiga kelele “Huyo! Huyo! Mpige!” Nikadhani mwizi. Nikasukuma mlango wa makuti, nikaingia.

Subhanallah.

Wanawake, ua mzima! Wanacheza kati! Mmoja huku na mmoja kule wanarusha mpira wa matambara, na walio katikati wanaukwepa. Na katikati, leso imefungwa kiunoni, dera limekunjwa, akiruka kama ndama aliyefunguliwa kamba: mke wangu. Twaiba! Huyu ambaye kila nikimwambia tutembee mpaka barabarani anasema miguu inamuuma! Na mpira uliomkosa ulirushwa na nani? Na Bi Mwanasha mwenyewe, bibi mwenye wajukuu, anayenipokea kila Idi akiwa amekaa kitako kama mgonjwa.

Nikauliza jambo hili limeanza lini. Jirani mmoja kasema tangu binti yetu Hasina akiwa anatambaa. Hasina sasa ameolewa Lunga Lunga! Miaka yote hiyo mimi ni mtaalamu wa mazoezi na sijui!

Ningeondoka hapo kwa heshima. Lakini nikaikumbuka Jumamosi. Daktari akisikia vishindo hivi? Nikasimama imara, nikawatangazia kwamba mchezo huu umesimamishwa mpaka Jumapili, kwa manufaa ya umma.

Mpira ukadondoka. Mama mkwe akajifunika mtandio wake polepole, akanisogelea.

“Alamin, mwanangu,” akasema, taratibu, kama mtu anayemuuliza mgonjwa hali yake. “Umepiga hodi?”

Sikuwa nimepiga. Nikasema ni jambo la dharura.

“Na hiyo shikamoo yangu nayo imesimamishwa mpaka Jumapili?”

Wakacheka. Wote! Nikamwambia Twaiba twende nyumbani. Kasema nitangulie. Nimetangulia. Ni saa za isha sasa na yeye hajaja. Kaleta salamu kupitia jirani kwamba atakaa kwa mama yake kwa manufaa ya umma.

Nimekula mkate wa jana, mkavu. Mume mzima.

Jumamosi, 13 Septemba

Niliandike lote, ili siku moja haki ijulikane.

Saa kumi na nusu uwanja ulikuwa mtupu, mzuri, wa kutia huzuni. Mbuzi watano na mfuko wa plastiki unapeperuka. Daktari akafika. Nikampokea kwa sura ya msiba. Nikamwambia ile ya Jumatano ilikuwa njaa tu, si michezo, na kwamba ukweli wetu ndio huu anaouona. Nikamwambia watu wa hapa hawapendi kujitingisha. Hasa wanawake. Nikatoa kitambaa, nikajifuta jicho. Naye akaanza kusikitika! Nikaihisi beji shingoni.

Ndipo wakatokea.

Walitoka njia ya msikitini, njia ya hospitali, njia ya pwani. Madera ya kila rangi. Bi Mwanasha mbele, mpira wa matambara kwapani kama amiri jeshi. Akamwamkua Daktari vizuri, akaulizwa wamekuja kufanya nini. Akajibu kwa sauti ya kusikika hadi Majoreni:

“Sisi tulikuwa tukicheza uani kwetu, tumejistiri. Sasa kama uani nako mwanamume anaingia bila hodi, kuna haja gani ya kujificha? Tumekuja penye nafasi.”

Wakawafukuza mbuzi wangu, wakachora mstari kwa kisigino, wakaanza.

Vijana walipoona mama zao wako uwanjani na nyayo zao hazijabambuka, nao wakaja. Gerishom mbele, na ule mpira wa darini mkononi! Twaiba alikuwa amempa; kumbe aliniona nikiuficha. Mke wangu wa ndoa! Akaniuliza mbele ya Daktari, “Buda, si ulituambia hapa kuna sumu?” Nikajibu kwamba sumu ile nguvu zake huisha alasiri. Ningesema nini?

Nikaingia katikati kuwatoa kwa upole. Sikujua kwamba ukiingia katikati wewe ni mchezaji. Mpira wa matambara ulinipata hapa, juu ya pua. Sitasema ni nani aliyeurusha. Nitasema tu kwamba kwa umri wake mkono ule ni wa ajabu.

Nikakaa kando nimerudisha kichwa nyuma, damu ya pua isitiririke. Daktari akavua viatu, akaketi mchangani pamoja nao walipopumzika, akawauliza wangependa nini. Wakajibu wote kwa pamoja, ikabidi awapange! Wanataka saa zao za uwanja, wasigombanie na vijana. Wanataka uzio wa makuti upande wa barabara, wacheze bila kutazamwa. Mmoja akataka mtu wa kushika watoto. Daktari kasema hajawahi kusikia mipango iliyo wazi hivyo. Kasema wanawake hawa wamecheza miaka mingi na hakuna aliyewahesabu kuwa wanacheza, na kwamba utafiti uanzie hapo. Msambweni imechaguliwa!

Imechaguliwa kwa juhudi za nani? Nani aliyewatoa uani? Hakuna hata aliyenitazama.

Hasina kapiga simu kutoka Lunga Lunga. Vijana wamemtumia video ya mpira ukinipata puani. Alicheka mpaka salio likaisha.

Jumapili, 14 Septemba

Mratibu amechaguliwa leo, mikekani, kwa kuinua mikono.

Twaiba.

Twaiba! Nikasimama kupinga. Nikasema mke wangu ni mtu wa mahamri, haya mambo ya utafiti hayajui. Gerishom akasema, “Yeye ndiye anaongea na watu wote kila asubuhi, buda. Nani anamjua kila mtu hapa?” Wakainua mikono tena, zaidi ya mara ya kwanza.

Jioni nikaenda kwa mama mkwe. Si kwa kushindwa. Mkate ulikuwa umekwisha. Nilipiga hodi. Nikapiga tena. Nikasimama nje mpaka majirani wote wakanipa pole. Hatimaye nikakaribishwa, nikatoa shikamoo, nikapewa marahaba na kikombe cha chai, na pua yangu ikaulizwa hali. Nikasema haijambo.

Twaiba akanisindikiza nyumbani. Beji ilikuwa shingoni mwake. Tukatembea mpaka penye mwembe wa posta, kisha nikamuuliza, kwa uchungu, kwa nini miaka yote hii hakuniambia kwamba anapenda mchezo.

Akasimama.

“Baba Hasina, ulipata kuniuliza?”

Nikafikiri. Nikamwambia nilikuwa nikimhimiza kila siku atembee.

“Ulinihimiza. Hukuniuliza.” Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. “Pilau hukuniuliza. Mchezo wetu ulipousimamisha hukuniuliza. Leo umesimama mbele za watu kusema nisilolijua, na hilo nalo hukuniuliza. Mimi nasema kila siku. Wewe ndiye huna nafasi ya kusikia.”

Nikambebea mkoba. Ulikuwa mzito, una mpira ndani. Tulipofika akanikaangia mayai, na nyumba ikawa na harufu ya nyumba tena. Nimeyatafakari sana maneno yake. Yamenigusa. Nakiri kwamba yamenigusa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeamka na nguvu mpya. Usiku mzima nimefikiri jinsi ya kumsaidia Twaiba.

Jumatano ana kikao chake cha kwanza, nami najua atakwama. Ni mtu wa haya. Kwa hiyo nimemwandikia hotuba, kurasa saba, nikianzia na historia ya bwawa la kuogelea. Nimempigia simu Daktari kumwarifu kwamba nitaandamana na mke wangu kama msemaji wake. Daktari alinyamaza muda kidogo, nadhani kwa shukrani. Nikampa na swali la utafiti papo hapo, kwa niaba ya Twaiba: kwa nini wanawake wa Msambweni hawasemi wanachotaka?

Swali zuri sana. Sijui limechelewa wapi.

Twaiba mwenyewe sijamwambia. Yuko uwanjani tangu alasiri, na isitoshe, sina haja ya kumuuliza. Najua atasema nini.