Namba ya Injini ya Babu

Jumatatu, 3 Machi
Bibi ametangaza! Mezani, kijiko mkononi, kama hakimu. Gari la marehemu babu halitaendelea kuozea uani. Jumamosi anakuja mkaguzi wa chama cha magari ya zamani. Akithibitisha kwamba injini ni ileile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, gari litaingia kwenye maonyesho yao, na ufunguo nitakabidhiwa mimi. Asipothibitisha, ni la Binamu. Yeye ataing'oa injini, aweke mpya, alipake rangi ya dhahabu, awe anabebea maharusi.

Dhahabu! Gari nililojifunzia kusoma, nimekaa kiti cha mbele, nikimsomea babu mabango ya barabarani.

Binamu akasema mimi na gari tunafanana: wote tunaheshimika sana na hakuna anayewaka. Watu wakacheka. Bibi naye! Nimeyaweka moyoni. Mtu mwenye shahada ya historia habishani mezani.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda mtandaoni. Sasa najua. Injini imegongwa namba ubavuni, na chasi ina namba kwenye kibati. Zikifanana, injini ni ya asili. (Nimelisoma hili kwenye ukurasa mmoja tu, lakini mwandishi alijiamini mno.)

Kwa uhakika zaidi nikamwita fundi wa mtaani, maarufu kama Hakuna Shida. Akafungua boneti, akapiga mluzi, akasema hii ni orijino kabisa, dada yangu. Nikauliza amejuaje. Akasema gari la zamani vitu vyake vyote huwa orijino. Nikamwonyesha betri, ambayo babu aliinunua mwaka juzi. Akaipapasa, akasema hata hiyo.

Nimemshukuru na kumsindikiza. Utafiti ni kazi ya mtu mmoja.

Jumatano, 5 Machi
Nimeiona namba! Chini ya grisi iliyoganda kama lami. Inaanza na nne, halafu saba, au moja. Imefifia. Nikaisugua kwa kitambaa, ikajitokeza kidogo. Nikaisugua kwa brashi ya waya, ikajitokeza zaidi. Nikaenda kutafuta msasa.

Ningeishia kwenye brashi.

Pale ilipokuwa namba sasa panang'aa, naona uso wangu mwenyewe. Nimefuta kwa mkono wangu kitu ambacho kutu ya miaka yote hiyo ilikiheshimu.

Bibi akapita na beseni la nguo. Akasema hongera, mjukuu wangu, hata babu yako hakuwahi kuing'arisha hivyo. Nikasema ahsante, bibi. Nikaenda kujilaza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetafakari. Mwanahistoria habuni ushahidi, hilo nalijua. Lakini mimi sibuni, narudisha. Injini ni ya asili; kwa hiyo namba yake ilikuwa sawa na ya chasi; kwa hiyo nikigonga ya chasi nitakuwa nimeandika ukweli mtupu. Ya chasi inaanza na mbili. Bila shaka jana macho yalinidanganya.

Nikaazima kwa mchomeleaji nyundo na vile vyuma vya kugongea namba. Akauliza vya nini. Nikasema sanaa. Akaniangalia kwa huruma, akanipa. Nane hakuna! Ilipotea, akasema, gonga tatu, halafu gonga tatu nyingine juu yake kichwa chini.

Nimegonga. Kidole gumba kimevimba kama kitunguu. Kisha nikapaka chumvi na siki ili chuma kishike kutu. Binamu akachungulia, akauliza leo tunakula injini. Sikumjibu. Wakubwa hujibu kwa matendo.

Ijumaa, 7 Machi
Kutu imekubali! Namba inaonekana ya kale kuliko gari lenyewe. Nimetunga hotuba fupi ya shukrani. Nimemwambia Binamu, kwa upole, kwamba siku ya maonyesho anaweza kupanda kiti cha nyuma. Akasema ahsante sana, dada. Adabu yake imenitia wasiwasi.

Jumamosi, 8 Machi
Mkaguzi ni daktari wa meno mstaafu. Ameamkiana na bibi, amekataa chai mpaka amalize, kisha akatoa kile kioo chao kidogo chenye mpini na kuanza kupekua injini kama kinywa cha mgonjwa. Akanung'unika kwa furaha. Kabureta ndiyo yenyewe. Boliti hazijaguswa tangu kiwandani. Alama zilizo kwenye bloku, kiwiliwili cha injini, ni za mwaka uleule. Bibi akaanza kufuta machozi. Nikapapasa hotuba mfukoni.

Akafika kwenye namba. Akanusa. Akauliza nani hapa anatengeneza achari.

Akamgeukia bibi, kwa ile sauti ya kumwambia mtu kwamba jino haliokoleki. Kiwanda kile, akasema, hakikuwahi kugonga namba moja kwenye injini na chasi. Kila kimoja kilikuwa na yake. Zikifanana, kuna mkono wa mtu. Kuhusu ile nane, akaomba asiseme kitu.

Nikauliza, kitaaluma tu, ingekuwaje kama namba ingekuwa imeliwa na kutu kabisa. Akasema angeipitisha bila wasiwasi. Nyingi zimeliwa, ndiyo maana yeye hutazama mengine. Ila namba ya uongo, chama hakina msamaha nayo.

Bibi akanitazama. Akakitazama kidole changu gumba. Akavua ufunguo shingoni, akampa Binamu.

Maisha yake yote babu aliendesha injini ileile. Ilikuwa ya asili mpaka Alhamisi.

Jumapili, 9 Machi
Injini imelala kwenye majani, na uani kote kunanukia rangi ya dhahabu. Binamu ameniomba, kwa kuwa nimesoma, nimtungie maneno ya kuandika mlangoni.

Nimeyachambua makosa yangu kwa kina na bila kujionea huruma. Yalikuwa mawili. Siki, kwa sababu ya harufu, ningetumia limau. Na nane.

Bibi bado hanisemeshi. Lazima nimfurahishe. Wakati wa chai Binamu amedai kwamba cherehani ya bibi siyo tena ile aliyonunuliwa na babu, eti kichwa chake kilibadilishwa. Amedai, mbele ya bibi mwenyewe! Nimeiinua na kuchungulia chini. Namba ipo. Inaanza na sita, au nane.

Imefifia. Nitaisugua kidogo tu.