Breki Zangu Zaonewa Kijicho

Jumamosi, 14 Juni

Ekseli ya nyuma imepona! Nimeitengeneza mwenyewe, uani kwangu, bila fundi. Sili kuukuu, zile pete za mpira zilizokuwa zikivujisha oili, nimezitoa, nimeweka mpya, magurudumu yamerudi mahali pake. Jirani yangu Ensio alipofanya kazi kama hii alichukua wiki nzima. Nilipita mbele ya ua wake kwa makusudi, grisi hadi masikioni. Hakunitazama. Alikuwa anapaka rangi mlingoti wa bendera ambao tayari unang'aa. Mtu wa kujionyesha!

Jioni nililijaribu gari. Mmarekani wangu wa mwaka sitini na nane anakwenda vizuri sana. Kusimama ndiko kuna shida. Nilikanyaga breki mbele ya kibanda cha kahawa cha Hilkka, nikasimama mbele ya kanisa. Watu walinipungia mkono. Nikawapungia.

Hii si shida ndogo. Hilkka amesema mkesha wa Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, atakwenda kwenye dansi la kando ya ziwa ndani ya gari langu, madirisha wazi, endapo nitapita ukaguzi wa magari Alhamisi. Nisipopita, atakwenda na Ensio. Nampenda Hilkka tangu alipofungua kibanda. Ensio naye anampenda, nadhani kwa sababu tu mimi nampenda.

Jumapili, 15 Juni

Leo nimejaribu kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kazi ya watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine afungue nati. Mimi nilikandamiza pedali kwa kasia la mashua, nikalikaza kwenye kiti. Kasia liliponyoka. Upepo haukutoka. Mafuta ya breki yalitoka, yote juu ya viatu vyangu vya kanisani.

Ensio akachungulia juu ya ua. Bila shaka alikuwa amesimama pale muda mrefu akinifurahia.

"Jirani," akasema, "breki shuu ulizirudishaje? Kila gurudumu linataka moja fupi na moja ndefu. Ile fupi ikae mbele."

Nilimshukuru kwa adabu. Moyoni nilicheka. Mimi hizo pedi za kubana gurudumu nimezipanga kwa akili: ndefu mbili kushoto, fupi mbili kulia. Jozi ni jozi. Nani anatoka nyumbani na buti la mpira mguu mmoja na ndara mguu wa pili? Anataka nishindwe, ampeleke Hilkka yeye. Kweli hasidi hana sababu.

Jumanne, 17 Juni

Nimegundua! Ni oili. Zile sili kuukuu zilipovuja, oili ililowesha breki shuu, ndiyo maana zinateleza. Dukani wanasema mpya zitafika baada ya sikukuu. Ensio alisikia (anasikia kila kitu) akasema anazo mpya kwenye ghala lake, nichukue tu. Nichukue! Ili Hilkka aambiwe kwamba nasimama kwa hisani ya Ensio?

Nilikumbuka usemi wa marehemu baba, kwamba hakuna uchafu ambao sauna, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke, haiutoi. Nikazitandaza breki shuu zote nne kwenye benchi la juu. Nikamwagia mawe maji. Nikakaa nazo. Nikazichapa kidogo kwa matawi ya mti wa mbetula, kama waogaji wanavyojichapa, maana kazi ikifanywa ifanywe kikamilifu. Zikatoa jasho jeusi. Nami nikatoa.

Kisha dada yangu Kyllikki akaja kuoga, kama kila Jumanne. Alitoka ananuka gereji na kunilaani. Anasema mbwa wake mwenyewe amemkimbia. Dada hajui thamani ya uvumbuzi.

Nimezirudisha kama zilivyokuwa. Ndefu kushoto, fupi kulia.

Alhamisi, 19 Juni

Msiba!

Mkaguzi, mwanamke mrefu asiyecheka, aliweka magurudumu ya nyuma kwenye mashine ya kupima breki. Mshale wa kushoto ukainuka kidogo. Wa kulia ukalala usingizi. Akaniuliza breki shuu nimezipangaje. Nikamweleza kwa fahari. Akainama, akachungulia magurudumu.

"Mzee," akasema, "kila gurudumu fupi moja, ndefu moja. Fupi mbele. Na zilizolowa oili hazifuliki, zitupe."

Maneno ya Ensio! Yale yale! Basi amemfikia hata huyu. Sijui amempa nini, labda samaki wa kufukiza. Nikapewa mwezi mmoja nitengeneze nirudi. Akauliza pia kwa nini gari linanuka mbetula. Nikawasha injini.

Nilirudi kwa mwendo wa konokono. Kwenye kibanda cha Hilkka alikaa Ensio, kikombe mkononi, anatafuna andazi la iliki kubwa kuliko yote niliyowahi kuuziwa mimi. Roho iliniuma mpaka nikasahau kupunga mkono.

Ijumaa, 20 Juni. Mkesha wa Juhannus

Asubuhi Hilkka alikuja. Akasema muda bado upo kabla ya dansi, nimruhusu Ensio atazame breki. Nikamwambia fanyeni mtakavyo, mimi kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuuma. Nilikuwa na mpango.

Mpango: Ensio akose gari. Nilizunguka kwa njia ya ziwani, nikaingia uani kwake kwa kutambaa, nikatoa upepo matairi yote manne. Ajabu, hakuwapo nyumbani! Bahati iliyoje! Nikarudi napiga mluzi.

Gari langu lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, magurudumu ya nyuma yametolewa. Chini yake ilitoka miguu minne. Miwili ya Ensio. Miwili yenye viatu vyekundu vya dansi. Miguu ilikaribiana. Na watu hao walikuwa wanacheka.

Hilkka akatoka na grisi shavuni. Sijawahi kumwona mzuri hivyo.

"Taisto, tumekutengenezea," akasema. "Ensio katoa zile shuu zake mpya. Sasa twende sote, kila mtu na gari lake!"

Ensio hakuwa na gari la kwendea. Akaingia kwangu. Hilkka akasema atakaa naye nyuma, asije akaona upweke. Niliendesha mimi. Breki zilishika vizuri mno. Kila nilipozikanyaga, Hilkka alimshika Ensio mkono, na baada ya kona ya kanisa hakuuachia tena.

Jumapili, 22 Juni

Kyllikki ameniambia: wamechumbiana. Jana, kando ya moto wa sikukuu ziwani, mbele ya watu. Hilkka amemwambia kwamba mtu humjui mpaka mlale pamoja chini ya gari, mmoja anafunga nati na mwingine anamulika tochi.

Chini ya gari langu! Kwenye nyasi zangu!

Nimelia kidogo. Kisha nimefikiri. Kosa si langu. Kosa ni la breki, zimeharibika wakati mbaya na kupona wakati mbaya zaidi. Na uchumba si ndoa. Gari likiharibika tena, sehemu nyeti zaidi, nitamwita Hilkka peke yake, na tochi ataishika kwangu. Nimefikiria giaboksi.

Ensio amepita uani jioni hii, anatabasamu kama mtu aliyelipwa. Akaniuliza hali, akaona spana mkononi na macho yangu kwenye giaboksi, akanisihi kwa upole nisiiguse.

Kwa hiyo nimeanza leo leo.