Kuhusu Usingizi Wangu wa Godoro la Dirishani

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kama bosi wa duka la magodoro, ingawa dada yako, mke wangu, ameniagiza nisisahau kwamba wewe ni shemeji. Nimepokea onyo la pili: "Alikutwa amelala kazini." La tatu najua ni kurudisha sare na kwenda nyumbani. Mimi niliyetembea miji saba na kushikana mikono na balozi mzima siwezi kupoteza kazi kizembe hivyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukijifungia ofisini baada ya chakula, karani hutuambia unapata "nap". Nikijilaza mimi kwenye godoro la maonyesho, nimelala! Shemeji, sote miguu iko juu. Tofauti ni pazia tu.

2. Nimeazima kamusi ya mpwa wangu mwalimu. Neno hilo ni usingizi mfupi, hasa wa mchana. Limetoka Kiingereza cha kale, enzi hizo wakisema "hnappian", yaani kusinzia. Nyuma ya hapo wenyewe hawana uhakika lilianzia wapi. Mimi nashuku lilianzia kwa mtu aliyeshiba. Ipo na maana ya vile vinyweleo vya mahameli, lakini hiyo nimeiruka, haitusaidii.

3. Neno lina miaka zaidi ya elfu, duka lako lina minne. Nani amwamkie mwenzake?

4. Mwezi uliopita nilikoroma pale dirishani, watu wakajaa, tukauza magodoro sita. Kinyozi wa jirani alinunua lake bila hata kulibonyeza, akasema ushahidi ameuona. Kwa hiyo naomba maonyo yote yafutwe, nipewe mto rasmi, na cheo kiwe Mkuu wa Usingizi.

5. Usiogope wezi. Usingizi wa aina hii ni mwepesi mno. Nzi akitua kwenye kioo namsikia.

Nisalimie karani, dereva wa mizigo, mama wa chai na hata yule mlinzi aliyenichongea. Sina kinyongo.

Ni mimi, muuzaji wako hodari, niliye macho.

Nyongeza: Baada ya kutia saini nilijinyoosha kidogo. Nimeamka juu ya mbao tupu za kitanda. Aliyechukua godoro ni mstaarabu, kanifunika shuka. Nimebisha hodi ofisini kwako mara tatu kutoa taarifa, nasikia unakoroma tu. Naipitisha barua chini ya mlango.