Malalamiko Juu ya Beki Asiyepitika

Khelef Nassor,
Mtunza Jezi wa Subira FC,
Al Twar, Dubai.

Kwa Bwana Azzam,
Mwenyekiti wa Kamati ya Subira FC.

Ndugu Mwenyekiti,

Assalaam alaykum. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe husema "khalas, mzee wangu, nimekuelewa" kabla sijaanza kueleza, na jambo hili ningependa ulielewe baada ya kuelezwa.

YAH: UWEZO NA UDHAIFU WA BEKI MPYA WA KUSHOTO

Kamati itakutana Jumamosi kumsajili Doris, na imenitaka mambo mawili. La kwanza, niandike tathmini yake, kwa kuwa mimi huzitazama mechi zote nikiwa pembeni mwa uwanja na mfuko wa jezi. La pili, nitie sahihi fomu ya kuridhia kwamba apewe jezi namba tatu, kwa kuwa aliyekuwa akiivaa kwa miaka kumi na sita ni mdogo wangu Thuwein, tuliyemzika Februari. Tathmini ndiyo hii. Sahihi naomba mniwie radhi, sitaitoa, na sababu zangu nimezipanga kwa nambari ili kikao kisichelewe.

Kabla ya nambari naomba nikumbushe tulivyompata, maana wajumbe wengine wameisikia nusunusu. Kwetu Unguja beki tatu ni mchezaji anayevaa namba tatu na kusimama kushoto, basi. Katibu wetu Taib ni mtu wa Unguja kama mimi. Hakujua kwamba watu wengi wa Bara wakisema beki tatu wanamkusudia dada wa kazi za nyumbani. Ndipo akaweka kwenye lile kundi la simu la Waswahili wa Dubai tangazo hili, ambalo mimi mwenyewe nilimsaidia tahajia: "Anahitajika beki tatu mzoefu. Asiogope kazi, ajue kusafisha haraka, asiache kitu nyuma. Mavazi juu yetu. Aanze Jumapili." Taib anajitetea kwamba katika mpira kusafisha ni kuuondoa mpira kwenye hatari. Ni kweli. Lakini Doris, mtu wa Morogoro, ambaye madam wake alikuwa amehamia Kanada na yeye akabaki International City kwa shoga zake akitafuta kazi, alilisoma kama lilivyoandikwa.

Akapiga simu. Taib ameniapia kwamba mazungumzo yalikuwa haya. Doris aliuliza, "Hapo kwenu mpo wangapi?" Taib akajibu, "Kumi na mmoja, na wa akiba wanne." Doris akasema, "Mungu awatunze. Eneo langu ni lipi?" Taib akasema, "Upande wote wa kushoto, dada, mbele mpaka nyuma." Hapo Taib alisita, kwa kuwa sauti ilikuwa ya mwanamke, lakini tulikuwa tumeshacheza mechi tano bila beki wa kushoto na hakutaka kuuliza maswali mengi. Doris akauliza la mwisho: "Wakorofi wapo?" Taib akasema wapo, hasa wa mbio. Doris akasema, "Hao niachie mimi."

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi alifika uwanjani Qusais kwa basi, na aproni, na glavu za mpira za rangi ya njano. Protas, golikipa wetu, alipoziona zile glavu aliweka zake chini akasema, "Kama mmeniletea mpinzani si mngeniambia, mimi nimetoka zamu ya usiku Jumeirah Lake Towers moja kwa moja." Mwamuzi alikuwa ameshapuliza. Taib hakuwa na muda wa kueleza. Alimshika Doris mkono akampeleka kushoto na kumwambia, "Yalla, dada, hapa ndipo pako. Yule mwenye jezi nyekundu asipite." Doris akauliza kwa nini asipite. Taib akasema, "Ataharibu." Hilo Doris alilielewa.

Kuhusu uhalali wake, nimezisoma kanuni zote za Ligi ya Jumapili. Zinakataza kucheza pekupeku, kuvuta sigara ndani ya mistari, na kuleta mbuzi. Mwanamke hazikumtaja. Anavaa suruali ndefu ya mazoezi na kilemba, na hakuna timu iliyokata rufaa, kwa kuwa wangelazimika kuandika kwa mikono yao nani aliwazuia.

Sasa malalamiko yangu.

1. Anasafisha kupita kiasi. Mpira ukija anauondoa, sawa. Lakini na chupa za maji anaziondoa, na maganda ya alizeti ya watazamaji, na siku ile aliondoa kibendera cha kona kwa sababu kilikuwa kimepinda, akakirudisha kimenyooka. Kabla ya kurusha mpira anaufuta. Mwamuzi alimwonyesha kadi ya njano kwa kuchelewesha mchezo, akaipokea, akaipangusa vumbi, akamrudishia, akamwambia, "Weka mfukoni, usiipoteze." Marehemu hakuwahi kufuta chochote. Aliondoka uwanjani kila mara akiwa na mchanga masikioni, na mimi nikiufungua mfuko wa jezi nyumbani nilijua yake ni ipi bila kuangalia namba.

2. Hapitiki. Wajumbe wanaliandika hili kuwa uwezo. Mimi naliandika kuwa ukosefu wa adabu. Faris, winga wa jezi nyekundu, alizoea kumpita Thuwein mara nne kwa mechi, ya tano akimwachia kwa huruma. Baada ya mechi walikaa pamoja kwenye ukingo, wakinywa chai ya maziwa kutoka kibandani, na Thuwein akimwambia, "Leo ya tatu ulinipita vizuri." Yalikuwa makubaliano ya watu wazima. Doris mara ya kwanza Faris alipomjia na mbwembwe zake hakumkimbilia hata kidogo. Alisimama, akaweka mikono kiunoni, akamwita, "We, njoo hapa. Unakimbia hivyo, umekula?" Faris ana miaka thelathini na moja na anafanya kazi benki. Alisimama. Akasema bado. Doris akamwambia, "Basi mpira uache hapo, nenda kale." Na akauacha. Nilikuwa hatua sita kutoka hapo, sikusimuliwa.

3. Amevuruga madaraka. Kocha anapiga kelele tangu mwaka juzi watu waje mapema, hakuna anayesikia. Doris alisema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, "Mimi natoka mbali kuliko nyote na nimefika." Jumapili iliyofuata kumi na mmoja wote walikuwa pale jua halijatoka, na Protas alikuwa ameoga. Juzi alimwambia Protas, "Toka hapo mlangoni, umesimama kama mgeni anayesubiri kukaribishwa," naye akatoka, akaupata mpira ambao kwa kawaida tungeuokota wavuni. Nauliza kwa heshima: kocha tunamlipia nauli ya nini?

4. Hajui kuotea. Huu ni udhaifu wa wazi na naomba uandikwe wa kwanza kwenye kumbukumbu za kikao. Taib alimweleza kwa vizibo vya chupa, mara mbili. Akajibu, "Yaani mtu akiwahi kufika ndiyo kosa? Mimi nilikokuwa, kosa lilikuwa kuchelewa." Kweli marehemu naye hakuijua sheria hiyo. Alikuwa akinyanyua mkono kudai kuotea hata kwa mpira wa kurusha. Lakini yeye alikuwa hajui kwa miaka kumi na sita, na huo ni uzoefu ambao hauokotwi.

5. Hana mguu wa kushoto. Anatumia wa kulia kwa kila kitu. Thuwein alikuwa na wa kushoto peke yake. Wa kulia aliutumia kusimamia. Goli lake la pekee katika maisha yake alilifunga kwa huo wa kushoto, mbele ya macho ya timu nzima, na lilikuwa kwenye lango letu wenyewe. Alishangilia mpaka katikati ya uwanja, akinitafuta kwa macho. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Nilimwambia mimi, ndani ya gari, tulipofika kwenye taa za Al Twar, akasema, "Lakini lilikuwa zuri?" Nikamwambia lilikuwa zuri. Naiuliza kamati: Doris amefunga goli la namna hiyo lini?

6. Hili ndilo kubwa, na kama mna haraka msome hili tu. Baada ya Thuwein kufariki tulicheza mechi tano tukiwa kumi, kushoto pakiwa wazi, kwa sababu kila aliyeambiwa asimame pale alisema mguu unamuuma. Tulifungwa sita, tulifungwa saba, ile ya mwisho mwamuzi aliacha kuhesabu. Na magoli yote yalipita mahali pake. Kila lilipopita moja, mtu alishika kichwa akasema, "Hapa ndipo alipokuwa Thuwein." Wapinzani nao wakasema, "Allah amrehemu, angekuwepo Thuwein." Ninyi mnajua kwamba angekuwepo wangepita vilevile, labda wakaaga. Lakini walisema. Katika mechi moja ya Machi nilihesabu jina lake mara kumi na nne. Nilikwenda nyumbani nimefungwa saba na nimefurahi.

Tangu aje Doris ni mechi tatu. Sare moja, ushindi mara mbili. Hakuna goli hata moja lililopita kushoto. Na jina la ndugu yangu limetajwa mara sifuri, Ndugu Mwenyekiti. Sifuri. Jumapili ya kwanza nilidhani sijasikia vizuri kwa sababu ya ndege, maana pale zinashuka chini. Jumapili ya pili nilisogea karibu. Mlikuwa mnapongezana.

Kwa hiyo sikatai kwamba dada huyu anajua kazi. Nakataa kazi yenyewe. Akizuia kila kitu, sisi tutamkumbuka marehemu kwa lipi?

Kutokana na hayo naomba kamati ichague mojawapo ya haya. Ama nafasi ya kushoto iachwe wazi daima, na timu pinzani ziandikiwe barua za heshima kuombwa zipitie huko. Ama, kama ligi itaona ni vigumu, Subira FC ikubali kufungwa angalau goli moja kwa mechi kutoka kushoto, kipindi cha kwanza, watu wakiwa bado hawajachoka kusikitika. Ama Doris ahamishiwe kulia, ambako hajafariki mtu. Nimezungumza na beki wetu wa kulia kuhusu jambo hili. Ameniangalia vibaya na amehamia kiungo.

Msije mkadhani ninamnyima mtu riziki. Kazi ya nyumba amekwisha kuipata hapa hapa Al Twar, kwa madam mmoja Msudani ambaye Taib alimtafuta kwa aibu yake. Jumapili ndiyo siku yake ya kupumzika. Anasema kwetu ni mapumziko ya kweli, kwa kuwa hajawahi kuajiriwa mahali penye upande mmoja tu.

Naomba barua hii isomwe yote kikaoni, kwa sauti, na asome mtu asiyecheka. Taib asisome.

Nisalimie wajumbe wote, na kocha, na Protas akiwa macho. Msalimie Faris akija, nasikia siku hizi anakula kabla ya mechi. Mama yako mpe salamu zangu maalumu na umwambie ile futari aliyotuletea siku za msiba, bakuli lake bado liko kwangu, ni zima, nitalirudisha mwenyewe, inshallah, si la kutumana.

Wako katika kazi ya jezi,

Khelef Nassor

Baada ya sahihi: Fomu ya kuridhia imo ndani ya bahasha hii hii, nyuma ya ukurasa wa pili, na nimeitia sahihi. Niliitia kabla ya kuanza kuandika barua, kwa sababu najijua, nikishapanga mambo kwa nambari huwa naanza kujiamini. Jumapili iliyopita baada ya mechi nilikuwa ninakunja jezi, Doris akaja akakaa kwenye ukingo, akaanza kukunja na yeye, akasema, "Baba Khelef, aliyekuwa anakaa hapa kabla yangu alikuwa mtu wa namna gani? Mimi sipendi kuingia mahali pa mtu bila kumjua." Hakuna aliyeniuliza hivyo tangu Februari. Watu huniuliza ninaendeleaje. Nikaanza kumsimulia tangu siku aliyozaliwa, mvua ilivyokuwa, mpaka timu nyingine ikaja kudai uwanja na ikabidi tuinuke. Nimefika Thuwein akiwa na miaka tisa. Kwa hiyo nitashukuru sana kamati ikimsajili kwa msimu mzima, na kama kanuni zinaruhusu misimu miwili, iwe miwili.