Gari Lisiloona Mbele

Jumatatu, 2 Juni 2025

Heriel, wakala wetu wa magari, kanipigia nikiwa dukani, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, napanga mapazia. Gari langu la umeme linaingia bandarini wiki hii! La Manan, jirani yangu mwenye duka la vitambaa, linafuata mwezi ujao. Mimi wa kwanza! Mke wangu Anifa nusura alie. Anapikia maofisi ya Mchafukoge chakula cha mchana, na kila siku anapakata masufuria kwenye bajaji. Nimempa neno langu: bajaji basi.

Furaha imedumu mpaka saa kumi. Nimeona video. Jamaa anasema kiwanda kinabadilisha vifaa katikati ya mwaka. Kuanzia Julai, gari hilohilo, jina hilohilo, litakuwa na kamera kwenye bampa la mbele. Kwa hiyo la Manan litaona. Langu kipofu! Chai imepoa mezani. Sijakaa tangu hapo.

Jumanne, 3 Juni

Akili imekuja. Nimemwendea Manan kwa upole, nikamwambia jirani ni ndugu, achukue gari langu linalokuja, mimi nitasubiri lake. Kauliza kama naumwa. Nikasema ni moyo tu. Akakubali, akaniletea kachori. Maskini, hajui! Heriel kabadilisha majina. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaondoka bila pazia.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwambia Anifa bandarini kuna foleni. Akaita bajaji. Leo bajaji imeingia shimoni, mchuzi wa samaki wote ukamwagikia miguu yake. Nimeumia. Kidogo. Kisha nikaangalia tena ile video.

Jumatatu, 9 Juni

Gari la Manan, lile lililokuwa langu, limefika. Nimelizunguka kama mnunuzi wa mbuzi. Nikainama mbele. Kamera! Kadogo, keusi, chini ya nembo, kananitazama.

Nimempigia Heriel kwa kelele. Anasema kiwanda hakifuati video. Vifaa vya zamani vikiisha, wanafunga vipya siku hiyohiyo. Na langu je? Eti lilitengenezwa mwanzoni mwa mwaka, likakwama bandari ya njiani. Yaani linalokuja nyuma ndilo la zamani!

Nikamwomba Manan turudishiane. Akasema, "Bakili ndugu yangu, si ulisema ni moyo?" Mkewe, Pinal, akaniongezea kachori. Nikaiacha mezani.

Ijumaa, 4 Julai

Langu limefika. Kipofu kabisa. Anifa kaukumbatia usukani. Kasema limependeza, tena buti inameza masufuria yote. Bampa hajalitazama hata mara moja. Nashindwa kumwelewa.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda eneo la Gerezani, kwa fundi Mudi. Kanisihi niache, gari jipya halitobolewi. Nikamwambia atoboe. Tumefunga kamera ya mlangoni, ile ya kuangalia nani anabisha hodi. Picha haiji kwenye skrini ya gari, inakuja kwenye simu yangu. Kuna ubaya gani? Simu nimeibandika juu ya dashibodi. Kwa nje huwezi kujua. Ila mtu akipita mbele, kengele inalia.

Jumanne, 8 Julai

Safari ya kwanza ya chakula. Nikapitia dukani makusudi, Manan aone ninavyoegesha. Kariakoo watu hawaishi kupita. Kengele ililia mfululizo, wamachinga wakawa wanaitikia "Karibu!" Anifa alishuka aniongoze. Nikamwambia asihangaike, gari linaona. Nikafunga vioo, macho kwenye simu, nikasogea taratibu. Nafasi tele!

Ghafla picha ikapotea. Badala yake, jina: Anifa. Ananipigia! Yuko hapo nje, ananipigia kwa nini? Nikapokea.

"Simama! Nguzo!"

Nguzo ilikuwa imeshaingia kwenye bampa.

Wali wa nazi ukajaa kwenye buti. Manan alikuja mbio na Pinal. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliinama, akaiona kamera ya mlango inaning'inia, bado inalia. Anifa naye akaiona. Ikabidi niseme yote, pamoja na foleni ya bandarini ambayo haikuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo ule mchuzi ulinimwagikia kwa ajili ya hiki kidude?"

Masufuria yaliyopona akayahamishia gari la Manan. Pinal akampeleka Mchafukoge. Nikabaki na nguzo.

Alhamisi, 10 Julai

Anifa sasa anakwenda na Pinal kila siku. Nimemwomba radhi. Kasema atanisikia gari likishatengenezwa. Ana haki. Nimeapa mbele yake: sibabaiki tena na vifaa!

Nimekwenda moja kwa moja kwa Heriel. Bampa jipya la gari langu lipo, anaweza kulifunga leo hii. Nikamwambia afungue boksi. Akaenda kutafuta kisu. Wakati nasubiri nikatazama video moja tu, fupi.

Kumbe Septemba kiwanda kinaleta bampa lenye mstari wa taa, kutoka pembe hadi pembe!

Nimemwambia Heriel arudishe kisu. Haraka ya nini? Hili langu lililovunjika nimelifunga kamba ya katani, linashika vizuri tu. Anifa ataelewa. Septemba si mbali.