Miguu Haifiki Chini

Jumatatu, 16 Juni

Nimeinua mkono. Mungu wangu, niliinua mkono kwa sababu gani?

Ilikuwa saa nne, wakati wa chai. Bwana Hemant, mwenye kiwanda chetu cha kukamua alizeti, alituita makarani wa mizani wote wawili, mimi na Christopher. Akasema msimu ujao unaletwa mzani unaojiandikia wenyewe. Karani hatahitajika tena. Lakini anatafuta mnunuzi wa kuzunguka vijijini, na huyo atapewa pikipiki. Mtu mmoja tu. Akauliza nani anajua kuendesha.

Christopher akainua mkono. Nami nikainua. Nikajisikia nikisema naendesha tangu nilipokuwa Nzega. Nzega! Nimefika mara moja tu, msibani, kwa basi.

Akauliza leseni. Nikasema iko nyumbani. Si uongo. Leseni ya baiskeli ya marehemu baba iko kabatini, chini ya vitenge.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Naogopa pikipiki. Nikipanda bodaboda hufumba macho toka stendi hadi nyumbani, na dereva hulalamika kwamba namkaba. Nina miaka arobaini na mitatu. Kumi na miwili kati ya hiyo nimesimama kwenye mzani. Mzani haukimbii.

Majaribio ni Jumamosi, kutoka hapa Singida hadi kijiji cha Mtinko. Bwana Hemant atatusubiri huko, aone tunavyofika. Kabla ya hapo kila mmoja achague pikipiki inayomfaa dukani kwa binamu yake, Mahendra, ambaye atatuazima. Mshindi atanunuliwa aliyoichagua. Mshindwa atakwenda nyumbani.

Mke wangu Asnath sijamwambia hilo la mwisho. Nimemwambia napandishwa cheo. Kafurahi, kachinja kuku. Nimeshindwa kummeza.

Jumanne, 17 Juni

Mpango: kuchagua kwa akili.

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Martha, muuguzi, jirani yetu. Ana pikipiki fupi ya buluu, mwaka wa tisa huu anakwenda nayo zahanati. Shikamoo. Marahaba. Nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki. Akaniangalia toka tumboni hadi kwenye viatu. Akasema rafiki yangu aikalie pikipiki, na nyayo zote mbili zilale chini. Zisipolala, ashuke ajaribu nyingine. Halafu ailaze ubavu, aone kama anaweza kuinyanyua peke yake.

"Maana itaanguka, Chediel. Ya kwanza lazima ianguke. Mwambie huyo rafiki yako achague anayoweza kuiokota."

Ushauri mzuri sana. Niliufuata kwa dakika ishirini.

Dukani kwa Mahendra pikipiki zimepangwa safu tatu, zote zinakukodolea jicho moja. Nikaipata ndogo nyeusi, nyepesi, haina hata klachi. Nyayo zikalala chini, kisigino na vidole. Ndipo akaingia Christopher. Kijana wa miaka thelathini, kiuno kama cha nyigu. Akacheka, akasema kaka, hiyo si ndiyo wanayopanda akina mama wa kwaya? Yeye akachukua ile ya kawaida wanayotumia bodaboda.

Nikashuka. Nikanyoosha kidole kwenye ile nyekundu ya nyuma kabisa, ndefu, ya kupandia milima. Mahendra akaniuliza kama nina hakika. Akauliza tena. Akasema hiyo huchukuliwa na watu wa barabara na wa madini, watu wenye miguu. Nikajibu hiyo hiyo.

Nimeipanda kwa msaada wa kreti ya soda. Miguu haifiki chini. Naning'inia kama suruali kwenye kamba!

Bodaboda mmoja ndiye aliyeiendesha hadi nyumbani. Mimi nilimfuata kwa miguu.

Jumatano, 18 Juni

Iko uani. Nikitoka inanitazama. Nikienda chooni inanitazama. Kuku wameihama ile kona yao.

Saa tisa upepo ukaja, huu wetu wa Juni unaobeba mabati. Nikasikia kishindo. Pikipiki chini! Nikaivuta mpini. Nikaisukuma kwa mgongo. Nikaichuchumalia kama mbeba mizigo, kitu kikalia kiunoni, kwaa. Pikipiki haikutikisika. Bi Martha na Asnath wakainyanyua wao, wawili, huku wakiongea habari za mchicha. Nikawaambia niliilaza makusudi nikague chini. Wakarudi kwenye mchicha.

Lakini akili haijalala. Tatizo ni nini? Si pikipiki kuwa ndefu. Ni mimi kuwa mfupi. Hilo linarekebishika! Nimepeleka buti zangu kwa fundi viatu wa sokoni aongeze soli mbili za tairi la lori. Fundi kauliza kama nimepata ajali, mguu mmoja umekuwa mfupi. Nikamwambia ni yote miwili.

Alhamisi, 19 Juni

Buti ziko tayari. Nimempita mke wangu kimo kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Kila moja ina uzito wa mtoto wa mbuzi.

Alfajiri Bi Martha alinipeleka ufukweni mwa ziwa Singidani, mahali peupe pasipo watu. Nilimwambia rafiki yule ni mimi. Akasema alijua.

Somo: mkono wa kushoto klachi, mguu wa kushoto gia, mkono wa kulia mafuta na breki ya mbele, mguu wa kulia breki ya nyuma. Vitu vitano kwa mtu wa viungo vinne! Nikaachia klachi. Pikipiki ikaruka kama imechomwa sindano, ikazima. Tena. Ikazima. Mara ya sita haikuzima.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa naelekea kwenye maji. Nilijua naelekea kwenye maji. Kichwa kilisema achia mafuta, na mkono, kwa hofu, ukazidi kuyakamata. Kadiri nilivyoogopa ndivyo ilivyokimbia. Buti hazikuhisi kitu, nilikuwa nakanyaga hewa. Bi Martha alikimbia kando, mama wa miaka hamsini na mitano na kanga yake, akanyoosha mkono akazima kwenye swichi. Gurudumu la mbele lilikuwa majini. Ndege wote wa ziwani walikuwa wameruka.

Akaketi kwenye jiwe karibu nami. Hakucheka. Akasema nimrudishie Mahendra, atanibadilishia nichukue ile ndogo nyeusi.

"Kuogopa si kosa," akasema. "Mimi naogopa hadi leo, ndiyo maana nipo hai. Kosa ni kuchagua pikipiki ili mwenzako aione."

Nimemshukuru. Ana moyo mzuri. Lakini hamjui Christopher.

Ijumaa, 20 Juni

Mpango mkubwa kuliko yote!

Miraji, dereva wa lori la kiwanda, anapeleka magunia matupu vijiji vya mbele ya Mtinko kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nitapakia pikipiki kwenye lori lake. Atanishusha nyuma ya kilima, kidogo tu kabla ya kijiji. Nitaingia Mtinko nikiendesha, vumbi limenijaa usoni, mtu wa safari. Hatua mia tatu tu! Mtu yeyote anaweza hatua mia tatu. Miraji kakubali kwa shati langu la sikukuu.

Jioni Asnath karudi kutoka sokoni. Mke wa Christopher kamwambia yote: habari ya mzani mpya na kwamba mmoja wetu anafukuzwa. Akanisema kwa Kinyaturu kitupu, na akifika kwenye Kinyaturu ujue mambo yameharibika. Baadaye akashusha sauti. Akasema kaka yake aliletwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa, kwa sababu ya pikipiki. Anaweza kulima na mume asiye na kazi. Na mume asiyekuwepo, anauliza, atalima naye nini?

Nilimshika mkono. Wangu ulikuwa wa baridi kuliko wake.

Nimemwahidi kwamba nitaendesha kwa uangalifu. Yeye aliomba nisiendeshe kabisa. Ni karibu sawa.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Lori lilikuja kwa wakati. Pikipiki ikapakiwa na watu wanne. Nikakaa mbele na Miraji. Anaendesha vibaya sana! Nikafumba macho. Nimezoea kuyafumba. Nilipoyafumbua niliona ng'ombe, vichaka, na hakuna kilima. Nikauliza kilima kiko wapi. Miraji akakanyaga breki. Tulikuwa tumeipita Mtinko zamani, kabla Bwana Hemant hajafika.

Hakuna nafasi ya kugeuza lori, akasema, na ana haraka ya kushusha magunia mbele. Akanishusha hapo, na pikipiki akaiteremsha kwa ubao. Akaiwasha pikipiki, akaitia gia ya pili kwa mkono wake maana buti yangu haiingii chini ya gia, akanisukuma kwenye mteremko. Akanipungia.

Nilikuwa peke yangu.

Mwanzo nilipiga kelele. Barabara ilikuwa ya changarawe na ilikuwa inashuka. Mkono ukakamata mafuta kama juzi. Nikamkumbuka kaka yake Asnath, na ule mlango. Nikasema kwa sauti, nisamehe mama, sijui nilikuwa namwambia mama yupi. Mbuzi wakagawanyika. Mzee mmoja akaruka mtaro na fimbo yake, nami, Mungu ananiona, nikamwamkia shikamoo nikimpita. Marahaba yake iliniishia nyuma.

Nikaiona Mtinko. Nikamwona Bwana Hemant amesimama karibu na rundo la alizeti la wakulima, uso wake umeelekea Singida, ananisubiri kutoka huko. Christopher alikuwa ameshafika, anakunywa soda. Nikaingia mgongoni mwao. Bwana Hemant akageuka. Sitasahau macho yake. Nikataka kumsalimia vizuri, nikainua mkono wa kushoto, na hapo pikipiki ikaamua yenyewe.

Rundo la vichwa vya alizeti ni laini. Namshukuru Mungu na wakulima wa Mtinko. Nilizama hadi kifuani. Halafu gunia lililokuwa limesimama pembeni likayumba, likaniangukia.

Nikasikia Bwana Hemant akiuliza kama niko hai. Nilitaka kusema ndiyo. Lakini gunia lilikuwa juu yangu, na miaka kumi na miwili si mchezo. Nikasema, "Kilo sitini na nne. Na ni mbichi. Haijakauka, itaoza ghalani."

Wakalipima. Sitini na nne. Wakafungua, wakapasua mbegu. Mbichi.

Christopher ndiye aliyenitoa. Kaiinua pikipiki peke yake, kanifuta punje masikioni, kanivua buti taratibu, na hakumwambia mtu kuhusu zile soli ingawa aliziona. Sijui anapanga nini.

Bwana Hemant kaniuliza kwa nini nimetokea upande wa kaskazini. Nimesema nilipitia njia ndefu, kwa kupenda kuendesha.

Jumatatu, 23 Juni

Sijafukuzwa! Christopher ni mnunuzi wa vijijini. Lakini Bwana Hemant anafungua kituo cha kununulia alizeti Sepuka, wakulima walete wenyewe. Anataka mtu anayeijua mbegu kwa kuishika. Kuna meza, kiti na kivuli cha bati. Nitakwenda kwa basi na kulala huko siku za wiki. Kasema sharti ni moja, nisiguse kitu chochote chenye magurudumu. Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Asnath kalia, kisha kacheka hadi kaketi chini. Bi Martha kanifunga mkono. Hakusema nilikwambia.

Nimefikiri sana kuhusu kilichotokea. Nimejua kosa. Soli mbili zilikuwa nyingi. Ilitakiwa moja na nusu.

Alhamisi, 26 Juni

Sepuka. Habari hufika mbali! Watu hapa wamesikia kwamba karani mpya ni yule aliyeivuka Mtinko bila kupunguza mwendo. Wamesikia hivyo, mimi sikuwarekebisha.

Leo kaja Filipo, katekista, mtu mpole, mfupi kuliko mimi kwa kiganja kizima. Parokia imemruhusu kutafuta pikipiki ya kuzungukia vigango. Hajawahi kuendesha. Anaogopa, kasema hivyo bila aibu. Akaomba nimshauri ya kuanzia, kwa kuwa mimi ni mzoefu.

Nimemkalisha. Nimemwambia pikipiki ndogondogo ni za akina mama wa kwaya. Nimemwambia ile nyekundu ya Mahendra imerudi dukani, imechubuka kidogo tu ubavuni, itamfaa kabisa, na fundi wa viatu namfahamu.

Kesho inaletwa. Nitamfundisha mimi mwenyewe. Yeye atashika mpini, nami nitakaa nyuma nimwelekeze, hivyo sitakuwa nimegusa kitu. Nitafumba macho, lakini heshima niliyopewa hapa ni kubwa.

Wakati anaondoka kageuka mlangoni, kauliza breki ya nyuma ni mguu upi.

Nimemwambia hilo ni somo la pili.